Manx Norton: Maswali Ninayoulizwa Kila Nikiweka Picha Yake

Mi ni mtoto wa Tanga, fundi pikipiki toka nyumbani, na sasa naishi Birmingham. Kila nikiposti picha ya Manx Norton maswali ni yale yale, mara "mbona haina taa", mara "hiyo silinda moja ina ushindani gani", na siku hizi limeongezeka la TVS. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Nisameheni nikiongea sana kwenye fremu, hapo ndo ugonjwa wangu ulipo.

Hii Manx ni pikipiki gani hasa?

Ni pikipiki ya mbio, ya mbio tu, haikutengenezwa uende nayo sokoni. Waliitengeneza Norton kwenye kiwanda chao cha Bracebridge Street, hapa hapa Birmingham, kuanzia baada ya Vita Kuu ya Pili mpaka 1962. Zipo za aina mbili: ya cc 500, ambayo vitabu vyao huiita 30M, na ya cc 350 inayoitwa 40M. Silinda moja iliyosimama, gia nne, tangi kubwa la rangi ya fedha lenye mistari myeusi na myekundu, na megafoni ya ekzosi (mdomo wa bomba la moshi uliopanuka kama tarumbeta) inayokohoa kama ng'ombe dume ikiwa chini, ikipanda sasa ndo inaimba.

Kampuni yenyewe aliianzisha James Lansdowne Norton mwaka 1898. Wenzake walimwita "Pa", sisi tungesema Mzee Norton. Mwaka 1907 kwenye TT ya kwanza kabisa (Tourist Trophy, zile mbio za barabarani za Isle of Man) pikipiki yake ilishinda kundi la silinda mbili ikiendeshwa na Rem Fowler, ila injini ilikuwa ya Peugeot, ya Wafaransa, na hilo Waingereza hulitaja kwa sauti ya chini.

Na jina "Manx" limetoka wapi?

Manx maana yake ni cha kule Isle of Man, kama sisi tunavyosema cha Kiunguja. Isle of Man ni kisiwa kati ya Uingereza na Ireland, ndo kwenye zile mbio za TT, na pale pale kuna mbio nyingine zinaitwa Manx Grand Prix ambazo ni za watu wasio wa timu za viwanda, watu wa kujitegemea. Norton walikuwa wanawauzia hao pikipiki iliyoandaliwa kwa ajili ya mbio hizo, basi jina likaganda. Ukifikiria vizuri jina limekaa sawa kabisa, maana hii pikipiki maisha yake yote ilikuwa ya mtu anayejigharamia mwenyewe.

Silinda moja tu? Waitaliano si walikuwa na nne?

Walikuwa nazo. Gilera wa miaka ya 50 alikuwa na silinda nne na hosipawa zaidi ya 60, Manx ya cc 500 ilikuwa inacheza kwenye 50 hivi. Kwenye barabara iliyonyooka Gilera anakuacha unamtazama kisogo. Sasa swali la maana ni kwa nini basi watu waliendelea kuikimbiza Manx miaka na miaka, tena na kushinda.

Jibu la kwanza ni kona. Injini ya silinda moja ni nyembamba, haichomozi pembeni, pikipiki nzima ina kilo kama 140, na nguvu yake haiji kwa kushtukiza, inavuta taratibu kutoka chini mpaka juu. Kwa hiyo unaingia kona mapema na unafungua mafuta mapema, mwenzako bado anasubiri pikipiki itulie. Jibu la pili ni kwamba hamna vitu vingi vya kuharibika. Fundi mwenye akili na seti ya spana anaifungua jioni na asubuhi inakimbia, we fikiria kabureta nne na pistoni nne kwenye gereji ya mtu wa kijijini.

Ila jibu la tatu ndo ninalolipenda mimi: Manx ilikuwa inauzwa. Gilera ya silinda nne au MV Agusta hukuweza kwenda dukani ukanunua, ilikuwa mali ya kiwanda, wanampa wanayemtaka. Manx ulipeleka hela yako ukapewa mashine ambayo kwa sehemu kubwa ni ile ile iliyoshinda TT juzi juzi. Ndo maana ukitazama picha za mbio za mwishoni mwa miaka ya 50 unaona mbele MV moja mbili, halafu nyuma yake Manx, Manx, Manx. Kulikuwa na vijana walionunua moja ya 350 na moja ya 500, wakazipakia kwenye gari aina ya van pamoja na kitanda na jiko, wakazunguka Ulaya nzima kiangazi chote, leo Ubelgiji keshokutwa Ufini, wakiishi kwa hela ya kujiandikisha na zawadi. Waliitwa Continental Circus, na ukweli walikuwa wanaishi kama sarakasi kweli.

Injini inafanyaje kazi? Elezea kifundi tafadhali

Haya, kaa chini. Injini nyingi za boda, zile za aina ya CG, kamshafti (ule mhimili unaofungua valvu) iko chini karibu na krenki, halafu kuna vile vifimbo viwili, pushirodi, vinavyopanda juu kwenda kusukuma roka na roka inafungua valvu. Inadumu, ila ukiizungusha sana vile vifimbo na roka vina uzito wake, valvu inachelewa kurudi, inaanza kuelea, na hapo unaweza kupigisha valvu na pistoni.

Norton waliondokana na hilo mapema sana. Mwaka 1927 mhandisi wao Walter Moore alitoa injini ya CS1 yenye kamshafti juu kichwani, na mwaka huo huo Alec Bennett akashinda nayo Senior TT (Senior ni ya cc 500, Junior ni ya cc 350). Baadaye Moore akaenda zake kampuni ya NSU Ujerumani, Arthur Carroll akaichora upya injini karibu yote mwaka 1930, na huyo wa Carroll ndo babu halisi wa Manx. Inavyofanya ni hivi: upande wa kulia wa injini kuna bomba limesimama wima, wengi wanadhani ni la mafuta. Ndani yake kuna shafti. Chini shafti inapokea mzunguko kutoka kwenye krenki kupitia gia za pembe, zile za kubadilisha mzunguko uelekee upande mwingine kama za kwenye difu ya gari, na juu kuna gia za pembe nyingine zinazopeleka mzunguko kwenye boksi la kamshafti. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea wala vifimbo vya kupinda. Timu ya kiwanda ilishaanza kutumia kamshafti mbili kabla ya vita, moja ya valvu ya kuingiza na moja ya kutoa, wateja wakazipata vita vilipokwisha.

Springi za valvu ni za kukunja kama pini ya nywele na ziko nje, unaziona kwa macho. Valvu ya kutolea moshi ina tundu ndani lililotiwa sodiamu, ikipata moto inayeyuka na kubeba joto kutoka kichwa cha valvu kwenda shina. Krenkikesi ni ya magnesiamu ili iwe nyepesi. Na ndiyo, inavuja. Kaa nayo dakika kumi utaona suruali yako upande wa kulia.

Kitu kimoja zaidi kwa wanaopenda namba: injini za zamani za 500 zilikuwa na boa (upana wa silinda) ya mm 79 na ushee na stroku (safari ya pistoni) ya mm 100, ndefu na nyembamba kama chupa ya soda. Kuanzia 1954 wakafanya mm 86 kwa 85.6, karibu mraba, ili izunguke haraka zaidi bila pistoni kusafiri mbali.

Featherbed ni nini, mbona kila mtu anaitaja?

Ahaa. Nilikuwa nasubiri hili.

Mpaka 1949 Norton ilikuwa na injini nzuri kwenye fremu mbovu. Samahani kwa wenye nazo, ila fremu ile waliibatiza jina la geti la bustani na nyuma ilikuwa na springi fupi fupi zinazocheza inchi kidogo tu, ukipita barabara ya Isle of Man kwa kasi inakurusha mpaka mgongo unakufa ganzi, na fremu zilikuwa zinapasuka. Injini inazidi kuongezwa nguvu, fremu inazidi kulia.

Akatokea jamaa wa Belfast anaitwa Rex McCandless, pamoja na kaka yake Cromie. Hakusomea uhandisi wa pikipiki popote, alikuwa fundi anayejifunza kwa kufanya. Yeye alichofanya ni kukunja mabomba mawili marefu, kila moja likatengeneza duara kamili: linaanzia mbele kwenye shingo ya usukani, linapita juu ya injini, linashuka nyuma, linarudi chini ya injini mpaka mbele tena. Pale shingoni mabomba yanapishana. Ukiangalia kutoka juu unaona kama kitanda cha chuma, injini imelala ndani yake. Nyuma akaweka swingamu na shokapu mbili ndefu, kitu ambacho leo kila boda inacho ila kipindi kile kwenye Norton ilikuwa mpya. Bomba zenyewe ni za Reynolds 531, chuma cha kampuni ya Reynolds, na fremu za Manx zilikuwa zinaungwa huko huko Reynolds, sio kwa Norton, zinaungwa kwa shaba ya brazi badala ya kuyeyusha chuma chenyewe, ndo maana ukipitisha kidole kwenye kiungo unahisi kimepanda kama mshono wa kiatu. Nimewahi kuipitisha mkono fremu tupu ikiwa imening'inia kwenye ukuta wa gereji, haijapakwa rangi, na nikakaa pale dakika nyingi kama mjinga, mwenye gereji akaniuliza kama naumwa.

Harold Daniell, mwendeshaji wao wa muda mrefu, alipoijaribu akasema ni kama kulalia godoro la manyoya, na jina Featherbed ndo likatoka hapo. Huyu Daniell naye ni stori, alikuwa mnene mnene na mwenye miwani mizito, lakini mwaka 1938 alizunguka kisiwa kizima kwa wastani wa maili 91 kwa saa na rekodi yake ikakaa mpaka 1950. Vita vilipoanza alienda kujiandikisha jeshini awe mpeleka ujumbe wa pikipiki wakamkataa, eti macho hayaoni vizuri.

Msimu wa kwanza wa Featherbed, 1950, Artie Bell alishinda Junior TT na Geoff Duke akashinda Senior. Yaani ndani ya miezi michache pikipiki iliyokuwa imeanza kuzeeka ikawa inawapita wenye hosipawa nyingi zaidi. Ukiniuliza mimi kilichoiweka Manx kwenye historia ni hii fremu kuliko injini, na najua kuna watakaobisha.

Geoff Duke ni nani?

Mwingereza wa Lancashire, ndo sura ya Norton ya miaka ile. Mwaka 1951 alichukua ubingwa wa dunia wa 350 na wa 500 kwa mwaka mmoja, hakuna aliyewahi kabla yake. Mwaka mmoja kabla angeweza kuchukua wa 500 pia, akakosa kwa pointi moja tu mbele ya Umberto Masetti wa Gilera, na kilichomponza ni tairi, mpira ulikuwa unabanduka kwenye mbio za Ubelgiji na Uholanzi. Pia ni yeye aliyeanzisha kuvaa suti ya ngozi ya kipande kimoja iliyobana mwili, alishonewa na fundi nguo wake, wenzake wote walikuwa bado wanavaa koti na suruali vinavyopepea kama kanzu kwenye upepo.

1953 alihamia Gilera. Norton hawakuwa na hela wala silinda nne, na yeye alitaka kushinda.

Nimesikia kuna mtu wa Afrika alishinda TT na Norton, kweli?

Kweli. Ray Amm, kutoka Salisbury, Rhodesia ya Kusini, leo ndo Harare, Zimbabwe. Tuseme ukweli alikuwa mzungu wa enzi za ukoloni, michezo ya aina hii kule ilikuwa yao, ila alitoka bara hili akasafiri mpaka Ulaya na pikipiki zake kama mtu binafsi kabla Norton hawajamchukua kwenye timu.

Mwaka 1953 alishinda Junior na Senior TT wiki moja. Mwaka 1954 akashinda tena Senior, na hiyo bado inabishaniwa kwenye baa za hapa. Ilikuwa inanyesha, mlima Snaefell umejaa ukungu, mbio zilipangwa raundi saba. Duke na Gilera yake akasimama kujaza mafuta mwisho wa raundi ya tatu, Amm hakusimama, akapita moja kwa moja. Raundi ya nne ilipoisha waamuzi wakasimamisha mbio kwa sababu ya hali ya hewa. Aliyekuwa mbele? Amm. Watu wa Gilera walilalamika mno na mi nawaelewa, ila hata bila hilo kuendesha Norton kwa kasi ile kwenye mvua ile, mbele ya Duke, sio bahati tu. Hiyo ilikuwa Senior TT ya nane mfululizo kwa Norton, toka 1947.

Amm alikataa kuhamia kwa Waitaliano mpaka Norton walipofunga timu yao ya kiwanda mwisho wa 1954. Akaenda MV Agusta, na kwenye mbio zake za kwanza nao, Imola, Pasaka ya 1955, akaanguka akafa.

Kutoka Rhodesia pia alitokea Gary Hocking, aliyezaliwa Wales akakulia kule, alionekana kwa mara ya kwanza Ulaya mwaka 1958 akiwa na Norton, baadaye akawa bingwa wa dunia na MV.

Mbona haina kiki wala stata?

Haina. Unaisukuma. Na sio Manx peke yake, mbio za dunia za pikipiki zilikuwa zinaanza kwa kusukuma mpaka 1986.

Niliiona kwa karibu mara ya kwanza kwenye kiwanja kimoja ambacho wazee wa pikipiki za zamani hukutana kiangazi. Mzee mmoja, umri wa babu yangu kabisa, aliniita kwa mkono nimsaidie. Kwanza akafungua plagi akaweka nyingine aliyoitoa mfuko wa shati, akaniambia hii ni laini, ya kupashia moto tu, ikishapata joto anaweka ile ngumu ya mbio, maana ukiwasha na ngumu ikiwa baridi inalowa mafuta mara moja. Akafungua koki, akabonyeza kile kipini cha kabureta mpaka petroli ikamwagikia vidole vyake. Akaweka gia ya pili, akairudisha nyuma taratibu mpaka pistoni ikagoma kwenye kompresheni, hapo akashika klachi. Nasukuma nyuma, yeye anakimbia pembeni, hatua tatu nne, anakaa kiti upande upande kama mama aliyepakiwa boda, anaachia klachi. BUM. Halafu kimya. Plagi imelowa.

Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu ikawaka na nilirudi nyuma bila kupenda. Sio sauti unayoisikia kwa masikio, inakugonga kifuani, moja, moja, moja, kila mlipuko unauhesabu. Ukiiacha chini ya mizunguko elfu nne hivi haieleweki kwa sababu ya ile megafoni, inakohoa inatema, kwa hiyo mwendeshaji anapotoka kwenye kona kali anabana klachi nusu nusu kuibembeleza mpaka ifike pale inapopenda. Mzee alizunguka kiwanja mara mbili akarudi anacheka, viatu vyangu vimejaa nyasi na suruali mafuta.

Ile harufu tamu tamu watu wanayoisema ni ya nini?

Ya nyonyo. Ndiyo, mafuta ya nyonyo haya haya ya kupaka nywele na kuharisha. Mafuta ya mbio ya zamani yalitokana nayo, na hata jina la Castrol limetokana na jina la Kiingereza la nyonyo. Yanashika chuma vizuri hata injini ikiwa ya moto kupita kiasi. Ubaya wake ukiyaacha ndani yanaganda kama gundi, na huwezi kuyachanganya na mafuta ya kawaida, kwa hiyo mwenye Manx kila baada ya mbio ana kazi ya kumwaga na kusafisha. Ukikutana na mzee wa Kiingereza amesimama kimya anavuta pumzi nyuma ya pikipiki usimsemeshe, yuko 1958.

Ni kweli injini zake zilifungwa kwenye magari?

Kweli kabisa. Baada ya vita kulikuwa na mbio za vigari vidogo vya cc 500, Formula 3 ya wakati ule, Cooper ndo walikuwa wakuu, na injini iliyokuwa inatakiwa ni ya Manx. Stirling Moss aliendesha Cooper yenye Norton, Bernie Ecclestone naye, huyu huyu aliyekuja kuitawala Formula 1. Shida ni kwamba Norton hawakupenda kuuza injini tupu. Basi watu wananunua pikipiki nzima, wanatoa injini, kinachobaki wanakiuza.

Sasa pata picha: kuna fremu za Featherbed zimezagaa, bora kuliko zote duniani, hazina injini. Na upande wa pili kuna vijana wana injini za Triumph za silinda mbili, zina nguvu na bei rahisi, kwenye fremu za kawaida tu. Wakazioanisha, wakaita Triton. Ndo pikipiki ya wale vijana wa koti la ngozi waliokuwa wanakusanyika Ace Café, London, na kukimbizana usiku wafikie maili 100 kwa saa. Mtindo wote wa café racer unaouona leo, usukani wa chini na kiti cha mtu mmoja, ulikuwa ni kuiga Manx. Vijana wa Nairobi na Dar wanaokata kiti cha pikipiki ya zamani na kushusha usukani wanaendeleza kitu hicho hicho, wengi bila kujua.

Ilishinda mpaka lini?

Zaidi ya ilivyostahili. 1960 Derek Minter akawa wa kwanza kuzungusha pikipiki ya silinda moja kisiwani kwa wastani wa maili 100 kwa saa. 1961 Mike Hailwood, kijana wa miaka 21, akashinda Senior TT na Manx kwa wastani wa maili 100.60 mbio nzima, kilomita 60.7 kwa raundi, mara sita, baada ya MV ya Hocking kupata hitilafu. Wiki ile ile alikuwa ameshashinda na Honda ya 125 na ya 250. Na Junior akashinda Phil Read kwa Norton ya 350. Marekani nako zilishachukua Daytona 200 mara nne mfululizo, 1949 mpaka 1952.

Ya mwisho kabisa ni 1969, Opatija, Yugoslavia, Godfrey Nash alishinda mbio za dunia za cc 500 akiwa na Manx. Kiwanda chenyewe kilishafungwa miaka saba kabla.

Kwa nini waliacha kuitengeneza?

Hela. Norton ilinunuliwa na kampuni ya AMC mwaka 1953, AMC nayo ikawa inaumwa, 1962 wakafunga Bracebridge Street wakahamishia kazi London. Manx ilikuwa inatengenezwa kwa mikono, moja moja, haina faida. Na Wajapani walikuwa wameshafika Isle of Man toka 1959.

Naweza kuitembeza barabarani?

Haina taa, haina honi, haina kiki, gia ya kwanza ni ndefu utachoma klachi kwenye foleni. Kuna waliozibadilisha wakaziwekea vyote hivyo. Kila mtu na starehe zake.

Nataka kununua, bei gani? Na nitajuaje sio feki?

Halisi ni makumi ya maelfu ya paundi, na ikiwa na historia ya mwendeshaji maarufu usiulize hata. Tatizo ni kwamba pikipiki za mbio hazikai na vitu vyake. Imepasuka krenkikesi, wakaweka nyingine. Imeanguka, fremu ikabadilishwa. Injini ilienda kwenye Cooper ikarudi kwenye pikipiki nyingine. Kwa hiyo unaweza kukuta Manx ambayo kila kipande ni cha Norton lakini havijawahi kukaa pamoja. Linganisha namba ya injini na ya fremu, omba makaratasi ya mbio na picha za zamani, na umpeleke mtu wa klabu ya Norton akaione kabla hujatoa hata senti.

Pia kuna mpya. Mafundi wa hapa Uingereza wanatengeneza Manx nzima upya, Molnar ni mmojawapo, zina metali bora na zinakimbia kuliko za zamani. Hizo sio feki ilimradi anayekuuzia anasema wazi ni mpya.

Kati ya Manx, Matchless G50 na BSA Gold Star ipi bora?

Hizo mbili nazo ni za Kiingereza za silinda moja. Gold Star iweke pembeni, ni nzuri ila ni ya pushirodi na ni ya barabarani iliyonolewa. G50 ni nyepesi kuliko Manx na ni rahisi kuihudumia, kamshafti yake moja inaendeshwa kwa cheni. Kwenye kiwanja kifupi chenye kona nyingi ningechukua G50. Isle of Man ningechukua Manx bila kufikiri.

Eti Norton ni ya TVS? Hii hii ya boda?

Hii hii. TVS Motor ya India waliinunua Norton Aprili 2020 kwa paundi milioni 16 baada ya kufilisika Januari mwaka huo, wakajenga kiwanda kipya Solihull, jirani na hapa Birmingham. Kwa hiyo yule dereva wa boda aliyekaa kwenye TVS HLX yake pale Ubungo au Kisumu, na jina la Manx, bosi wao ni mmoja. Bajaj nao wa Boxer wanatengeneza Triumph ndogo za cc 400. Waingereza wengine hapa inawauma, mimi nacheka tu, kwa sababu boda nayo ni silinda moja anayonunua mtu kwa hela yake na kuifungua mwenyewe ikiharibika.

Ila tusidanganyane, HLX yako haina damu ya Manx, usije ukampandishia abiria nauli.

Nikija Uingereza naiona wapi?

National Motorcycle Museum, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Birmingham. Ilifunguliwa 1984, ikaungua vibaya Septemba 2003, pikipiki mamia ziliteketea, na wakazirudisha nyingi moja baada ya nyingine. Nenda asubuhi siku ya katikati ya wiki, maana wikendi wazee wanajaa na kila mmoja ana stori. Ukifika kwenye Norton chuchumaa upande wa kulia, tafuta lile bomba lililosimama wima, halafu fuata kwa macho bomba la fremu kutoka shingoni mpaka linaporudi. Kama una swali ambalo sijajibu niandikie, ila la "hosipawa ngapi" nimeshajibu.